Spika ya Kisomo

Kila siku alipotoka shule, Zamda alivua sare, akaitundika msumarini, akavaa gauni lake kuukuu na kwenda barazani alikofanyia kazi baba yake. Mzee Mfaume alikuwa fundi bati, na pale Mtendeni ilikuwa vigumu kuipata nyumba isiyo na kitu kilichotoka mikononi mwake. Kama si koroboi, basi karai. Kama si karai, basi kopo la kuchotea maji mtungini.

Kazi ya Zamda ilikuwa kupepea jiko la mkaa. Ndani ya mkaa ule kilikaa chuma cha kulehemu, chuma kizito chenye kichwa cha shaba kilichotuna kama nyundo. Kikishaiva, baba yake alikichomoa, akakigusisha kwenye mche wa lehemu, na lehemu ikayeyuka papo hapo ikimetameta. Aliipitisha kwenye maungio ya bati yaliyopakwa tindikali ili ishike, moshi mkali ukapanda, na ndoo iliyoletwa inavuja ikarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima.

Zamda aliipenda kazi ile. Alikuwa darasa la sita, msichana mwembamba, mwingi wa maswali, na mwenye vidole vyepesi. Baba yake alishaanza kumwachia koroboi ndogo azilehemu mwenyewe.

"Mkono unao," alimwambia siku moja. "Umebakiza kujifunza subira."

Neno la kwanza Zamda alilisikia vizuri. La pili lilimpita.

Alasiri, siku za kisomo cha watu wazima, aliliacha jiko akamsindikiza bibi yake, Bi. Mwanamkuu. Miaka ile ya Ujamaa nchi nzima ilikuwa inasoma. Watu waliokuwa na wajukuu shuleni nao walishika kalamu, wakaandika majina yao kwa mara ya kwanza. Kisomo cha Mtendeni kilifanyika katika darasa mojawapo la shule ya akina Zamda, na aliyekifundisha alikuwa Mwalimu Eustadia, yule yule aliyemfundisha Zamda sayansi asubuhi. Mara moja kwa juma hawakuandika. Walisikiliza redio. Kulikuwa na kipindi cha afya kutoka Dar es Salaam, na kilipokwisha walijadiliana: mbu wanatoka wapi, choo kijengwe umbali gani na kisima, mtoto anayeharisha apewe nini.

Redio ile waliichangia wenyewe wanakisomo. Aliyeitunza alikuwa Mzee Twalibu, mlinzi wa shule, ambaye naye alikuwa mwanakisomo. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, na kila alipoitoa redio aliifuta kwanza kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Shida ilikuwa moja. Redio ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Waliokaa mbele walisikia kila neno. Nyuma, walikokaa kina mama wazee kwa sababu huko kulikuwa na ukuta wa kuegemea, yalifika makwaruzo tu.

"Leo wamesema nini, Bibi?" Zamda aliuliza walipokuwa wakirudi nyumbani siku moja.

"Wamesema habari ya maji," alijibu Bi. Mwanamkuu. "Yachemshwe, au yasichemshwe, sijui. Niliwaona wenzangu wa mbele wanatikisa vichwa, nami nikatikisa."

Alicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Walitembea mpaka walipofika kwenye kona ya msikiti.

"Mjukuu wangu, mimi nitaacha," alisema. "Kwenda kuitazama redio si kusoma."

"Si ukae mbele, Bibi?"

"Nikae mbele mimi, na Siwema na Mwanahawa wabaki nyuma? Tumeanza pamoja. Tutaacha pamoja."

Maneno yale yalimkaa Zamda kifuani. Kesho yake alimsimulia Pelagia, rafiki yake wa dawati moja, ambaye baba yake alifanya kazi reli. Pelagia macho yakamng'aa.

"Nyumbani kwetu kuna spika," alisema. "Kubwa, kama sinia. Ilikuwa ya redio ya zamani ya baba, ile ya sanduku la mbao. Mchwa walikula sanduku lote wakaiacha spika."

Waliipeleka kwa Mwalimu Eustadia ikiwa imefungwa kwenye khanga. Mwalimu aliigeuza huku na huku, akaibonyeza kidogo katikati kwa kidole, akatabasamu.

"Nzima," alisema. "Spika kubwa kama hii, ikiwa ndani ya sanduku zuri, itatoa sauti kuliko ile ndogo ya redio. Tutavuta waya mpaka nyuma ya darasa. Wazee watasikia hata mtangazaji akikohoa."

"Tuitengeneze sisi, Mwalimu?" aliuliza Zamda.

"Sanduku tengenezeni nyinyi. Lakini redio msiifungue. Ndani ya redio kunataka vifaa vyake, na mtu anayevijua. Fundi Nikolaus, yule mwenye duka la redio karibu na stesheni, amekwenda Igalula. Akirudi nitamwomba."

Waliianza kazi siku ile ile. Mwenye duka mmoja aliwapa sanduku tupu la majani ya chai, la mbao nyembamba. Ilibidi walitoboe tundu la mviringo, pana kama uso wa spika. Zamda alichukua kisu cha jikoni. Ubao ukachanika kwa urefu. Walihamia upande wa pili wa sanduku, na Pelagia akajaribu kutoboa kwa msumari wa moto, kitundu baada ya kitundu. Kilichotokea kilifanana na kitu kilichotafunwa na panya.

Mwalimu Eustadia hakuwacheka. Aliwapeleka stoo ya kazi za mikono, akatoa msumeno ambao Zamda hakuwahi kuuona, wenye meno madogo na uwembamba wa ukambaa. Aliwaonyesha namna ya kutoboa tundu la kuanzia kwa keekee, kupitisha ule msumeno na kuuzungusha polepole bila kuusukuma. Ubao ulikatika kama mkate. Upande wa tatu wa sanduku ukapata tundu zuri, na spika ikakaa ndani yake kana kwamba ilizaliwa hapo.

Basi ikabaki kuunganisha tu. Lakini Fundi Nikolaus hakuwa amerudi.

"Juma hili njoo, Bibi," Zamda alimbembeleza bibi yake. "Utasikia. Nakuahidi."

"Umeniahidi?"

"Nimekuahidi."

Bi. Mwanamkuu alipita nyumba kwa nyumba akawaambia wenzake kwamba mjukuu wake ametengeneza sanduku la sauti. Zamda alipopata habari hizo alifurahi, kisha akaogopa. Siku ya redio ilikuwa kesho, na fundi hayupo. Alikaa kando ya jiko akipepea mkaa. Baba yake alikuwa amepeleka makarai sokoni. Chuma cha kulehemu kilikuwa ndani ya moto, chekundu, tayari.

"Kulehemu ni kulehemu," alijiambia. "Mimi si nalehemu kila siku?"

Alitia makaa kwenye debe, akachomeka chuma humo. Alichukua mche wa lehemu, kichupa cha tindikali, na kisu kidogo cha meza maana bisibisi hakuwa nayo. Akampitia Pelagia, aliyekuwa na sanduku la spika.

Mzee Twalibu alikuwa ameketi kwenye ngazi za shule akirudia kusoma kitabu chake cha kisomo, kidole kikifuata herufi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Mbona na moto?"

"Mwalimu amenituma," alisema Zamda. Maneno yalimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. "Amesema utupe ufunguo tuijaribu spika."

Mzee Twalibu hakuuliza la pili. Aliivua kamba shingoni, akampa.

Darasani, mambo yaliharibika tangu mwanzo. Ncha ya kisu haikuenea kwenye skrubu za redio. Kila Zamda alipokaza mkono kisu kiliteleza, mpaka vichwa vya skrubu vikalika vikawa laini. Hatimaye kifuniko cha nyuma kilifunguka kwa kubanduliwa. Ndani waliona vitu walivyokuwa hawajaviona: vidude vya rangi rangi vilivyopangwa kwenye kibao, na waya mbili nyembamba zilizokwenda kwenye spika ndogo.

"Ni ndogo mno," alinong'ona Pelagia. "Zamda, tungoje."

"Shika tu waya."

Alipaka tindikali kama alivyozoea, akachomoa chuma kwenye makaa. Kichwa chake kilikuwa kipana kuliko nafasi yote iliyokuwapo. Kilipogusa tu, ganda la waya likayeyuka na kutoa harufu ya kuungua. Waya mmoja ukaachia. Zamda aliwahi kuongeza lehemu, na tone zito likateleza kwenye chuma, likadondoka ndani kabisa ya redio, likatulia huko liking'aa.

Waliunga walivyoweza. Wakawasha. Redio ilikaa kimya, hata kukwaruza haikukwaruza.

Waligeuza kitufe mpaka mwisho. Wakatoa betri, ambazo watu wengi waliziita mawe, wakazirudisha. Kimya kile kile.

Pelagia alikuwa amejishika mdomo. Alipouachia alisema upesi upesi: "Tuifunge. Tuirudishe kabatini. Kesho watasema mawe yamekwisha. Hakuna atakayejua."

Zamda alitazama mlangoni.  Wakakata waya wa sanduku, wakaifunga redio, wakairudisha, na ufunguo wakamrejeshea Mzee Twalibu.

"Imesema?" aliuliza yule mzee.

"Bado, Babu," alijibu Zamda, akapita haraka.

Jioni ile Zamda aliacha chakula chake nusu. Bibi yake alikuwa akiinyoosha khanga yake mpya juu ya mkeka kwa viganja, akiimba kidogo kidogo. Alikuwa akijiandaa na kesho.

Siku iliyofuata darasa lilijaa kuliko siku zote. Habari za sanduku la sauti zilikuwa zimeenea, na watu walisimama hadi madirishani. Bi. Mwanamkuu, Bi. Siwema na Bi. Mwanahawa walikaa mahali pao nyuma, wamejipanga kama wako arusini. Zamda alisimama mlangoni na lile sanduku mikononi, Pelagia nyuma yake. Alikuwa amekuja na nia ya kumwita Mwalimu kando, lakini Mwalimu alichelewa kutoka mkutanoni, na alipoingia watu wote walishaketi.

Mzee Twalibu aliiweka redio mezani, akaifuta, akawasha.

Kimya.

"Mawe hayo," alisema mtu.

Yaliletwa mawe mapya, yakatiwa. Kimya tena. Minong'ono ikaanza. Kinyozi Saidi, ambaye alikuwa mwepesi wa kusema, alisimama.

"Ndugu Mwalimu, redio hii inakaa na nani? Mlinzi yuko hapa usiku kucha peke yake. Nani anajua anaigeuza geuza vipi?"

"Juma lililopita ilikuwa nzima," mwingine aliongezea.

Mwalimu Eustadia aliinua mkono wakatulia. "Mzee Twalibu," aliuliza kwa upole, "kuna mtu mwingine aliyeishika?"

Mzee Twalibu alishangaa swali. Alifungua kinywa ajibu, akageuka kumtazama Zamda, maana aliamini Mwalimu ndiye aliyemtuma. Zamda aliinamisha kichwa. Yule mzee alimtazama kwa kitambo, kisha akamtazama Mwalimu, na taratibu uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa. Alikifunga kinywa. Akakikunja kitambaa chake, akakiweka juu ya redio.

"Ufunguo ni wangu, Mwalimu," alisema. "Kama imeharibika, imeharibikia mikononi mwangu."

Darasa zima lilimgeukia, na Saidi akaguna. Zamda aliyaona mabega ya Mzee Twalibu yakishuka. Hakujua aliliweka sanduku chini saa ngapi. Alijikuta katikati ya darasa.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Si yeye! Ni mimi. Nimeifungua jana kwa kisu, nikailehemu kwa chuma cha baba. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Waliokuwa madirishani waliingiza vichwa.

"Na ufunguo ulipewaje?" aliuliza Mwalimu Eustadia.

Hilo ndilo swali aliloliogopa kuliko yote. Aliyaona macho ya bibi yake kule nyuma. "Nilimdanganya Babu Twalibu," alisema. "Nilimwambia umenituma wewe."

"Nami nilikuwepo," alisema Pelagia huku machozi yakimtiririka. Alikuwa amekuja kusimama kando yake. "Na mimi ndiye niliyesema tunyamaze."

Kinyozi Saidi alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Kisha alimwendea Mzee Twalibu, akainama. "Mzee wangu, nisamehe. Nimesema nisichokijua."

Mwalimu Eustadia hakugomba mbele za watu. Aliwaambia wanakisomo kwamba siku hiyo atawafundisha mwenyewe kwa mdomo, kisha akamgeukia Zamda. "Ichukue redio, nenda nayo kwa baba yako. Mweleze wewe, kabla hajaelezwa na mtu mwingine. Pelagia, nenda naye."

Mzee Mfaume alisikiliza yote bila kumkatiza. Zamda alipofika kwenye habari ya debe la makaa, baba yake alikiweka chini chuma alichokuwa amekishika.

"Tindikali ulitia?"

"Nilitia, Baba."

Alijishika kichwa. "Basi nyanyukeni, twende sasa hivi. Tindikali hailali. Bati langu naliosha kwa maji nikimaliza kazi, na bado huwa inaliuma. Je, waya nyembamba namna hiyo? Na Nikolaus amerudi na treni ya asubuhi, nimeambiwa sokoni."

Walikwenda karibu wanakimbia. Njia nzima Zamda aliiona tindikali ikiitafuna redio ndani kwa ndani, kama mchwa.

Fundi Nikolaus alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliipokea redio, akaigeuza, akaguna.

"Nani amezitafuna skrubu hizi?"

"Mimi, Fundi," alisema Zamda. "Kwa kisu."

"Ulikuwa na njaa?" aliuliza fundi. Pelagia alishindwa kujizuia, akacheka kidogo kati ya kwikwi. Fundi Nikolaus alifungua kijaluba, akachagua bisibisi moja kati ya nyingi, akaionyesha. "Mdomo wa bisibisi lazima ujae kwenye mfereji wa skrubu. Ukipwaya, skrubu inaliwa. Ndiyo maana ninazo ndogo na kubwa."

Alizitoa skrubu zilizoharibika kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Aliinama na kutazama ndani kwa kitambo ambacho Zamda alikiona kirefu mno. Baba yake naye alikuwa ameinama.

"Hili hapa," alisema fundi. "Tone la lehemu. Limeangukia hapa, likaunganisha njia mbili zisizotakiwa kugusana. Redio imenyamaza kwa sababu hiyo." Alipiga piga kwa kibano. "Na huu mng'ao wa majimaji ndio tindikali. Mmekuja siku ya pili. Mngekaa nayo kimya juma zima, ningewaambia mkatafute redio nyingine."

"Na sasa?" Zamda aliuliza. Hakuwa na uhakika kama anataka jibu.

"Sasa tutazame."

Alichukua chuma chake cha kulehemu. Kilikuwa chembamba kama kalamu, kinachopata moto kwa umeme, na ncha yake haikuzidi njiti ya kiberiti. Alikigusisha kwenye lile tone, likanyonywa kama maji kwenye kitambaa. Akachovya brashi ndogo kwenye spiriti, akasafisha kibao, akarudia, akarudia tena mpaka harufu kali ikaisha. Waya ulioungua aliukata, akatia mwingine. Lehemu yake nayo ilikuwa ya namna nyingine, nyembamba kama uzi, na alieleza kwamba ina utomvu wa mti ndani yake, hivyo haihitaji tindikali.

Kisha akaweka mawe, akageuza kitufe.

Mwanzoni palikuwa na mkwaruzo. Halafu, ghafla, sauti ya mtangazaji ikajaza duka zima, akisoma habari za mavuno ya pamba kama vile hakuna kilichotokea duniani.  Zamda alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, na Pelagia akamkumbatia. Mzee Mfaume alijifuta jasho la uso kwa kofia yake.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Hatujamaliza," alisema Fundi Nikolaus. "Spika kubwa iko wapi? Nendeni mkailete."

Sanduku lilipoletwa aliinua miwani, akapitisha kidole kwenye tundu la mviringo. "Hii kazi nzuri. Nani amekata?"

"Sisi," walisema wote wawili. "Mwalimu alituonyesha msumeno wake," aliongezea Zamda.

"Inaonekana. Haya, baba yako anasema mkono unao." Alimpa kile chuma chembamba. "Upashe moto waya kwanza, usiipashe lehemu. Waya ukiiva, lehemu itakuja yenyewe."

Zamda alimtazama baba yake, naye akamkubalia kwa kichwa. Zamda aliinama. Aliupasha waya, akagusisha lehemu, ikatambaa na kukaa mahali pake, ndogo, safi, yenye kung'aa. Aliunga waya wa pili. Hakuharakisha.

Mzee Mfaume alipouliza alipe nini, Fundi Nikolaus alitazama vifaa vyake vilivyotapakaa mezani. "Nitengenezee kisanduku cha bati chenye vyumba vyumba, kila bisibisi ilale kwake."

"Atakitengeneza huyu," alisema Mzee Mfaume akimwonyesha Zamda, "na kisipokuwa kizuri atarudia."

Kabla ya kufika nyumbani Zamda aliomba wapitie shuleni. Mzee Twalibu alikuwa pale pale kwenye ngazi. Zamda alipiga magoti.

"Babu, nisamehe. Nilikudanganya, na watu wakakusema vibaya kwa ajili yangu."

"Nimekusamehe ulipofungua mdomo darasani," alisema yule mzee. "Nilikuona ulivyoinamisha kichwa, nikaona nikikutaja nitakuongezea aibu." Kisha akacheka. "Lakini ukitaka ufunguo siku nyingine, njoo na Mwalimu mwenyewe. Mkono kwa mkono."

"Ndiyo, Babu." Zamda aliona ni haki.

Juma lililofuata sanduku la spika liliwekwa nyuma ya darasa, juu ya kigoda, waya umepita ukutani. Mzee Twalibu aliwasha. Sauti iliyotoka nyuma ilikuwa nzito na wazi, na kina mama wazee waliruka kwa mshtuko.

"Hee! Punguzeni!" alipiga kelele Bi. Mwanamkuu. "Huyu bwana atatupasua masikio!"

Darasa lilicheka mpaka likakosa utulivu, na Saidi ndiye aliyewanyamazisha. Kipindi kilipokwisha, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bi. Mwanamkuu. Alitaka kujua kwa nini wanaambiwa wachimbe vyoo mbali na visima wakati kisima cha mtaa wao kiko hatua chache tu kutoka choo cha jirani, na ni nani atakayekwenda kumwambia jirani huyo. Mabishano yaliyofuata yaliendelea hata jua likaanza kushuka, na watu watatu walichaguliwa kwenda kwa jirani. Bi. Mwanamkuu alikuwa mmoja wao.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu Eustadia aliwaita Zamda na Pelagia. Mzee Mfaume, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alisogea naye.

"Niambieni, mmejifunza nini?"

"Kila kazi ina kifaa chake, Mwalimu," alijibu Zamda. "Chuma cha baba ni kizuri, lakini ni cha bati."

"Vizuri. Na zaidi?"

Zamda alimtazama Pelagia.

"Ulipokosa bisibisi ulichukua kisu," alisema Mwalimu. "Ulipokosa ruhusa ulichukua uongo. Kisu kilikufungulia redio na uongo ulikufungulia kabati, nawe ukaona vimekufaa. Lakini skrubu zililiwa, na mzee mwenye heshima zake nusura naye aliwe. Siku nyingine ukikosa kifaa, uliza. Ukikosa ruhusa, ngoja. Na ukishaharibu kitu, maana sote huharibu, sema mapema wakati bado kinatengenezeka. Hilo la mwisho mlilifanya, tena mbele ya watu wazima wengi. Ndilo lililoiponya redio hii."

"Ndilo," alisema Mzee Mfaume, akamwekea binti yake mkono begani.

Zamda aliitikia. Nje watu walikuwa wakiagana kwa sauti za juu, wengine wakibishana bado habari za visima. Alimshika Pelagia mkono, wakatoka nao.